Foto ya Samaki Iliyoharibika

"Bibi, sogea. Uko ndani ya foto."

Juzi hapa mtaani kwetu Musinzira, mjukuu wangu alinifukuza sebuleni kwangu mwenyewe. Anafuga samaki kwenye sanduku la kioo, analiita akwaryumu, na tangu asubuhi alikuwa amepiga magoti mbele yake na apareyi ya foto, anazungusha, anabonyeza, anasonya. Nikipandisha mwendo wa apareyi, anasema, foto inakuwa giza. Nikishusha, samaki anakuwa moshi. Mi nilikuwa kwenye kiti nyuma yake, nachambua maharage, sina neno na mtu.

"Niko ndani vipi, na mi niko huku nyuma?"

"Kioo kinakushika, Bibi. Ona."

Akanigeuzia kioo kidogo cha apareyi, nikaona. Samaki wa njano anapita, na juu ya ubavu wake kuna kilemba changu na mikono yangu na ungo. Maharage yakamwagika yote. Mjukuu alidhani nimeshikwa na kizunguzungu, akakimbilia maji ya kunywa. Haikuwa kizunguzungu, rafiki yangu. Ilikuwa Muyinga.

Majina ya watu wa Muyinga ninayo yote, na ya baba zao, hata la mbuzi wa jirani. Shule sikukaa sana, basi kichwa kikabaki na nafasi. Lakini hapa nitawaita kwa kazi zao tu, maana wajukuu zao wako hai na tunasalimiana vizuri siku za Idi.

Nilikuwa na umri wa kubeba mtoto mgongoni bila kuanguka naye, mama akanitoa Gitega akanipeleka Muyinga kwa mdogo wake. Huyo mama mdogo aliolewa na muuza vitenge, na alikuwa amejifungua. Nilipenda asubuhi za kule. Vyerehani vilianza barazani ukungu ukiwa bado umelala njiani, na harufu ya mandazi ilipita ukuta kwa ukuta. Nilichota maji, nilitwanga sombe, yale majani ya muhogo, nilimbembeleza mtoto. Na nilibadilisha maji ya samaki.

Ndiyo, samaki. Baba mdogo, huyo muuza vitenge, alichukua kabati la kioo la dukani, seremala akaliziba pembe kwa lami, likawekwa sebuleni likitazamana na mlango wa uani. Samaki walitoka ziwani, kule Rumonge, ndani ya ndoo juu ya lori. Kulikuwa na dume moja la mistari, lina taya kama koleo. Ijumaa jioni baba mdogo alikuwa anaita rafiki zake, anatia samaki mgeni ndani, wanakaa na kahawa kutazama. Dume linaanza na mkia wa mgeni. Alafu mapezi. Alafu macho. Asubuhi yake mi nilichota mabaki kwa chujio, na maji yalikuwa na rangi ya chai.

Mkono wa baba mdogo mwenyewe ulikuwa hivyohivyo. Leo alimpiga mama mdogo kwa sababu chai ni ya moto, kesho kwa sababu imepoa. Alimpiga kwa mkanda, kwa kiatu, kwa ubao wa kupimia vitambaa. Jino la mbele lilitoka kwa mchi wa sombe, na mi ndiye niliyeliokota kwenye majani. Majirani walisikia, wakaongeza sauti ya redio.

Safari moja mama mdogo alimfunga mtoto mgongoni akakimbilia kwao Gitega, na mi nyuma yake na kifurushi. Babu, baba yake, akamsikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Nani ameona?" Akamrudisha mwenyewe. Wazee wa mtaa wakaketi, baba mdogo akasema mke wangu anaanguka-anguka, ana miguu mibovu. Wazee nao wakauliza nani ameona. Baraza zima likatazama ndala za mama mdogo. Neno langu la mtoto halikuhesabika. Mama mdogo hakutaka makubwa: shahidi mmoja tu, mtu mzima, ili aende kwao na mtoto wake na asirudishwe tena. Siku ile tunatoka Gitega, bibi yangu alikuwa anamkazia kifurushi, akamwambia, "Jiwe lililoonekana halivunji jembe." Sikuelewa. Kwangu lilikuwa neno la shambani.

Ikafika siku baba mdogo alitaka foto ya dume lake, awaonyeshe wafanyabiashara wenzake. Akamwita mpiga picha wa mtaani, mtu mwembamba, mwoga, aliyepanga chumba kwenye nyumba ya baba mdogo huyohuyo na kuamkia kila mtu mara mbili-mbili. Alikuja mchana, akaufunika mlango wa uani kwa shuka jeusi ili kioo kisishike mambo ya nje. Akaweka taa mbili za karabai juu ya sanduku, mi nikashika ya tatu.

Alikuwa anafundisha huku anafanya, kwa sauti ndogo. "Mtu unamwambia tulia. Samaki hasikii. Basi mwendo uwe wa haraka. Haraka inakula mwanga, donc, kwa hiyo, nafungua tundu. Nikifungua tundu, kinaonekana wazi kitu kimoja tu, kingine chote kinakuwa ukungu." Akadumbukiza kijiti cha kiberiti karibu na kioo, akalenga jicho la apareyi pale. "Dume likipita kwenye kijiti, ndiyo foto yetu."

Tukangoja. Dume likaja, likageuka, likaondoka. Likaja tena, ubavu wote kwenye kijiti, na mama mdogo akainua shuka kuingia na chai.

Mwanga ukamwagika. Dume likakimbia nyuma ya jiwe.

Baba mdogo aliinuka. Alimshika nywele akamrudisha nje, na yeye akang'ang'ania shuka, likang'oka na misumari yake. Jua la saa nane likaingia lote sebuleni. Mtoto akaanza kulia mgongoni kwangu. Nilisikia ubao wa vitambaa ukishuka, na sauti ya mama mdogo ikitoka kifuani kama mtu anayebeba gunia. Baba mdogo hakutuogopa. Mi ni mtoto, na mpiga picha alikuwa ameupa mlango mgongo, jicho lake liko kwa samaki. Mtu aliyekupa mgongo hakuoni.

Lakini kwenye kioo uani kote kulikuwa kumeingia majini. Mkono unapanda juu ya mapango ya samaki. Damu inashuka kwenye kijani cha majani.

Nilitazama mkono wa mpiga picha. Ulizungusha duara la kwanza la apareyi, ukakiacha kijiti, ukapeleka jicho mbali, mpaka uani. Ukazungusha la pili, ukafunga tundu, kwa sababu jua ni kali. Hakugeuza kichwa hata kidogo. Akangoja, kama alivyongoja dume. Ubao ulipofika juu kabisa, akabonyeza.

Alafu akakunja vitu vyake akaaga kwa adabu.

Siku wazee walipokaa baraza tena, baba mdogo alikaa mbele, kanzu imepigwa pasi. Mama mdogo alikaa kwenye mkeka, mkono umefungwa kitambaa, na wazee walikuwa wameshachoka naye. Mpiga picha akaja na bahasha, akasimama pembeni mpaka mzee mkubwa akamuuliza anatafuta nini.

"Samahani, wazee. Nilitumwa foto ya samaki, imeharibika. Nimeshindwa kujua kama nimpe mwenyewe hivihivi ao nirudie. Naomba mnishauri."

"We unatuletea mambo ya samaki hapa?" Baba mdogo alicheka, wengine wakacheka.

Mzee mkubwa akaipokea. Akaiweka mbali na macho, akaisogeza karibu. Akampa wa kuliani kwake, ikazunguka, kicheko kikawa kinakufa mtu kwa mtu.

"Kweli imeharibika," mzee akasema. "Samaki hawaonekani." Akamgeukia baba mdogo. "Na huyu mwenye ubao ni nani?"

"Kioo kinadanganya."

"Kioo kina kanzu yako."

Mama mdogo aliondoka siku ileile. Babu alikuwa amekuja kwa baraza, akatuchukua mwenyewe, na njia nzima hakuuliza nani ameona.

Kabla hatujaondoka, nilikuwa ndani nakusanya nepi baba mdogo aliporudi. Alichukua mchi akapiga kioo. Maji yaliniangusha. Samaki wakaruka-ruka kwenye sementi na yeye akawakanyaga mmoja mmoja, la mistari akalikanyaga mara nyingi kuliko wote, na lilimng'ata kisigino mpaka mwisho. Kuku wakaingia. Akatoka na mchi uleule kwenda chumba cha mpiga picha. Apareyi ilivunjwa, na vidole viwili vya mkono wa kulia. Kesho yake, tulikuja kusikia, mlango wake ulikuwa wazi na chumba kitupu.

Nyumba ile haiko tena, pamejengwa duka la simu. Vyerehani vya barazani vimeondoka. Mama mdogo alizeekea kwa baba yake Gitega, hakuolewa tena, alicheka sana uzeeni na pengo lake. Foto hatujui ilipotelea kwa mzee gani. Yule mpiga picha hatukumwona tena. Watu walisema ilikuwa bahati, fundi mbovu alikosea duara. Nimezeeka nikiwakatalia.

Mjukuu alisikiliza yote akiokota maharage. Alafu akaniuliza, "Huyo mpiga picha alikuwa anaitwa nani?"

Nikamtajia jina, na la baba yake, na la kilima chao. Akalirudia mpaka akalishika. Kisha akanyanyua apareyi yake, ile foto yenye kilemba changu bado iko kwenye kioo chake kidogo, kidole tayari kuifuta.

"Iache," nikamwambia.