Kundi la Bashefu

Niliporudi kazini kutoka likizo ya uzazi, kompyuta ya depo yetu ya saruji ilinikataa, ingawa neno la siri lilikuwa sahihi. Nikamwita fundi wa kompyuta.

“Mama, sasa seva inafungukia watu ya kundi moja tu. Ni usalama.”

“Na nani iko mu kundi?”

“Bashefu.”

Hao bashefu, yaani wakubwa wa depo, hawajawahi kuandika hata mfuko mmoja mle ndani; kazi hiyo ni yangu. Malori yalikuwa yanangoja karatasi za kutokea, matiti yamenijaa, mtoto wangu yuko nyumbani Musaga analia njaa, na sikuruhusiwa kwenda kumnyonyesha kabla malori hayajatoka.

Nikamfuata shefu mkubwa aniingize kwenye kundi. Akakataa: ati watu wakizidi, usalama unakwisha. Kisha akanitajia neno lake la siri kwa sauti, wapakiaji wote wakisikia.

“Ingia na yangu, mama. Fanya mbio!”

Sasa depo nzima inaingia kwa jina lake, hata mlinzi. Kwenye kumbukumbu za seva, siku ile shefu alitoa malori yote peke yake, na mimi sikufika kazini kabisa. Nyumbani nilifika blauzi imelowa. Mtoto alikuwa amelala, amechoka kulia.