Kilima Nilichokifagia

Mimi ndiye niliyemfundisha dada yangu mdogo kusoma mwanga wa galaksi, hapa nyumbani Kibugu, kwa kompyuta tunayopokezana baada ya kuchuma chai. Mwenyewe nilijifunza mtandaoni. Kwa hiyo kikundi chetu cha mtandaoni kilipotaka grafu moja bora ya galaksi ambayo katikati yake shimo jeusi linameza gesi, nilijua wataichagua yangu.

Niliisafisha wiki nzima. Mstari wa haidrojeni, ile rangi moja ya mwanga inayotolewa na gesi hiyo, ukasimama kama mnara, mwembamba, bila doa. Kwenye grafu ambayo dada naye alituma, ya galaksi hiyohiyo, mnara uleule ulikaa juu ya kilima kipana chenye makunyanzi.

“Wee, hata hujafagia?” nilimcheka.

“Nifagie nini? Hiyo ni gesi, bro.”

Walichagua yake. Gesi iliyo karibu na shimo huzunguka kwa kasi ya kutisha. Inayotujia na inayotukimbia huvuta rangi ya mwanga pande mbili, na mstari hutanuka. Kile kilima ndicho walichokitafuta. Mimi nilikidhani uchafu nikakiondoa.

“Kumbe mwalimu wa huku ni huyu mdogo!” baba alisema, na mama akapika chapati za kumpongeza. Yangu niliiacha sahanini kwa wivu.

“Nionyeshe vile ulinyoosha mnara wako,” dada aliniomba, bila kejeli.

Nilimwambia kesho. Kisha nikafungua faili langu la kwanza, lile ambalo sikuwa nimelisafisha. Kilima kilikuwemo, kipana vilevile.