Bomba la Kutolea Hewa

Nikisikia harufu ya saruji mbichi, namkumbuka baba akimjengea bibi choo na bafu ubavuni mwa nyumba yetu ya Kirua, kwa kuwa miguu yake haikuweza tena kumfikisha kwenye choo cha migombani. Alijenga mwenyewe, bila fundi. Kila tulipomwaga maji, bomba lilikoroma na harufu mbaya ikapanda. Bibi akaacha kuingia humo.

“Ni mimi ninayenuka, mwanangu,” alimnong'oneza mama. “Ni uzee.”

Baba alisikia. Kesho yake aliunganisha bomba jingine kwenye lile la maji machafu, akalipandisha hadi juu ya bati ili hewa itokee huko. Mama akamwaga ndoo nzima, na maji yakashuka kimya.

Bibi alinusa, akanusa tena.

“Kumbe si mimi!”

Akacheka hadi machozi, kisha akatufukuza wote ili aoge.