Kunawa kwa Niaba ya Nyumba Kumi

Juzi hospitalini Bukoba nilimkuta balozi wetu wa nyumba kumi mlangoni mwa wodi. Alikuwa ametoka Kashozi na majirani wanane kumwona mwenzetu aliyepasuliwa figo, kila mmoja na kahawa ya kutafuna kiganjani ya kumpa mgonjwa.

Nesi akaziba njia. "Naweni kwa sabuni kwanza. Wadudu wakiingia kwenye kidonda, mtamzika."

Balozi akanawa, akajikung'uta maji. "Tayari, waitu," akasema kwa heshima ya Kihaya. "Nimenawa kwa niaba ya nyumba zote kumi."

Nesi akainua bomba la sindano. "Vizuri, mzee. Basi geuka nikuchome hii ya mgonjwa, kwa niaba yake."

Balozi alishika kalio kwanza, kisha sabuni, akawapanga watu wake mstari.

Uwakilishi ni jambo jema, ila mpaka wake nimeuona. Uko makalioni.