Mashine Mbili na Sauti ya Mama

Mtaani walimwita Fundi Santuri, na ukitaka kumkera, ungemwambia tu kwamba mashine za zamani za kupigia santuri zote ni zilezile. Angeacha chai ipoe akikueleza tofauti zake mpaka ujute kufungua mdomo. Lakini asubuhi ile dada yake mkubwa alipoingia kibandani na mashine mbili, santuri moja na uso uliosawijika, hakuwa na hamu ya kueleza kitu.

Mashine ya kwanza ilikuwa ya marehemu mama yao: boksi la mbao, zito, lisilo na sura, sahani yake ya kuwekea santuri ikizungushwa na mkanda wa mpira. Ya pili ilikuwa ya dada mwenyewe. Iling'aa kwa vitufe na taa, na dada aliionea fahari kuliko kochi lake. Tatizo, sindano ilikuwa ikiruka, basi akabandika sarafu juu ya mkono wa mashine unaoishika ili itulie.

"Ikatulia kweli," dada alisema. "Ila sasa mama anakwaruza."

Fundi alikaa chini. Santuri ile ndiyo pekee ambayo mama yao aliwahi kurekodi, na nakala nyingine hawakuwahi kuiona popote. Sindano iliyokandamizwa ilikuwa imeilima kama jembe.

"Dada, umemsaga mama."

"Najua. Usinisimange. Nisaidie."

Hasira ya fundi ikayeyuka hapo hapo. Akatoa sindano nyembamba aliyokuwa ameitunza kwa kazi maalumu. Hiyo, alieleza, hushuka ndani zaidi katika mfereji wa santuri, mahali ambapo ile butu ya dada haikugusa. Huenda mama alikuwa bado mzima huko chini.

Dada akaisogeza mashine yake inayong'aa.

"Hiyo haiwezi," fundi alisema. "Ni nzuri, sikatai, lakini imezaliwa hivyo na itakufa hivyo. Kichwa kinachobeba sindano na mkono vimeshikana tangu kiwandani. Hii ya mama kila kitu kinafunguka. Aliyeiunda alijua kuna fundi atakuja baada yake."

"Na fundi mwenyewe anajisifu," dada alinung'unika, lakini alivuta kiti.

Fundi alibadilisha mkanda, akatia mafuta kidogo, akafunga kichwa kipya chenye ile sindano nyembamba na kuusawazisha mkono mpaka ukawa mwepesi. Kisha akaiweka santuri na kuishusha sindano.

Mikwaruzo ilikuwepo bado, lakini kwa mbali. Magitaa yakaingia. Kisha, kabla ya ubeti wa kwanza, mtu akavuta pumzi, fupi, ya kutetemeka.

Dada akamshika mkono. "Nani huyo?"

"Mama. Sindano za zamani hazikuwahi kufika hapo."

Maisha yao yote walidhani mama yao hajui woga.

"Kumbe aliogopa," dada alisema taratibu, na mama yao akaanza kuimba.