Baridi ya Bondeni Mikindani

Siku yangu ya kwanza kazini katika kituo cha hali ya hewa Changamwe, miaka ya arobaini, nilikabidhiwa penseli, daftari na vipimajoto viwili: kimoja kilimani penye uwanja wa ndege, kimoja bondeni upande wa Mikindani. Kila alfajiri nilivisoma, nikampelekea nambari Karani Mkuu, mzee wa Mvita aliyebakiza mwaka mmoja astaafu.

Mimi ni Mtaita, mtu wa milimani. Kwetu hata mtoto ajua: ukipanda juu, baridi yazidi. Basi kipupwe kilipoingia, asubuhi moja shwari, kipimajoto cha bondeni kikaonyesha baridi zaidi kuliko cha kilimani. Lo! Nikadhani nimechanganya, nikazigeuza nambari. Karani Mkuu akatia sahihi kwa kuniamini.

Kwa nambari zile rubani akaambiwa bonde halina ukungu. Alipopita bondeni akija kutua akaukuta umejaa tele, ndege ikakwaruza mikoko, akanusurika kwa rehema za Mungu. Mkubwa wa Kituo akafoka: "Aliyetia sahihi aje kesho saa mbili. Hana kazi huyo!"

Nilipomkiri kuwa nilizigeuza nambari, Karani Mkuu hakunitukana. Kulipopambazuka alinipeleka bondeni.

"Vua viatu. Wahisi?"

"Miguu yaganda, mzee."

"Utazame moshi ule wa majiko."

Ulipanda hadi vilele vya minazi, ukakwama, ukatandaa.

"Usiku usio upepo wala mawingu, ardhi hupoteza joto. Hewa iigusayo hupoa, ikawa nzito, ikateremka bondeni kama maji, ikazaa ukungu. Yenye joto hubaki juu, ikaifunika kama kawa lifunikavyo sinia. Kipimajoto hakikukosea, mwanangu."

"Mbona hukunitaja, mzee?"

"Sahihi ni yangu."

Wallahi nililia, mtu mzima mimi.

Daftari letu lilikuwa na sheria: hapafutwi kitu. Ukikosea, wapiga mstari mmoja, waandika jina lako. Saa mbili niliingia kwa Mkubwa nikimtangulia Karani Mkuu, nikapiga mstari, nikaandika jina langu, Mkubwa akitazama. Nikamweleza tuliyoyazoea kwetu milimani.

"Mlima wenu umekuponza," akasema. "Rudini kazini, nyote wawili."

Karani Mkuu aliumaliza mwaka wake kwa heshima. Mimi nililisoma bonde lile miaka mingi. Kila kipupwe nikivua viatu, vijana wakinicheka.

Siku nilipostaafu niliomba nilione daftari lile mara ya mwisho. Mstari wangu upo, na jina langu. Pembeni, kwa mwandiko wa Karani Mkuu, palikuwa na maneno ambayo sikuwahi kuyaona: "Bado namwamini."