Aliye Katikati ya Mto

Nakumbuka siku moja, bado msichana, nilikuwa navuka mto Ruvubu kwa mtumbwi nikiwa na kapu la maharage ya kupeleka kwa shangazi. Mvushaji, mzee Bichuka, alisimama nyuma na upondo wake wa kusukumia mtumbwi. Mama alibaki ukingoni. Tulipofika penye maji mengi mtumbwi ukayumba kidogo, na mama akapiga yowe: "Leokadia! Kaa vizuri, mwanangu!" Nikageuka kumtazama. Kugeuka kule tu, maharage yote yakaenda na maji, na mimi nusura niyafuate. Mzee Bichuka alinidaka kwa gauni.

Alirudisha mtumbwi kwa mama. Hakumfokea. Alimwambia, "Mama Leokadia, kwetu sisi wavushaji, aliye katikati ya mto haitwi jina. Ukimwita anakutazama wewe, na wa kutazamwa ni maji." Mama alikuwa ameshanikumbatia. Mimi nilimcheka moyoni, nikasema mama yangu mwoga. Basi malipo ni hapa hapa duniani, mwanangu, kwa sababu nami nilikuja kumzaa Deo.

Deo alikwenda chuo cha ualimu Mwanza, na sisi huku Kirushya tukajua amekwenda kusoma. Likizo ya kwanza akarudi amevimba chini ya jicho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani amekupiga?"

Akacheka. Eti ni mpira, mchezo unaitwa besiboli. Akaokota uani fimbo yangu ya kupigia maharage, akanionyesha: mmoja anakurushia mpira mgumu kwa nguvu zake zote, nawe unasimama na gongo uupige kabla haujakupita. Nikamuuliza, na ukija usoni? Akagusa ule uvimbe. Kisha akaniambia wamemchagua kuchezea chuo.

Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Nami naongeza, kulea si kazi, kazi ni kulea aliye mbali. Nilisonga ugali huku naliona jicho la mwanangu. Nikawa nampigia simu kila nikipata salio: vaa kofia, simama mbali, waambie unaumwa. Baba yake akanionya, "Mama Deo, utammaliza mtoto kwa simu." Sikumsikia. Deo akaanza kuchelewa kupokea, na mimi nikazidi kuogopa.

Nilipopata habari kwamba wanacheza na chuo kingine, nilifunga mkungu mdogo wa ndizi, nikapanda basi kupitia Biharamulo. Baba yake nilimwambia naenda kumsalimia mtoto. Uongo mtupu. Nilikuwa nimeshaamua kwamba nikifika nitamshika mkono, nimtoe uwanjani mbele ya wenzake, wacheke wapendavyo.

Basi lilichelewa. Nilifika mchezo umeshaanza, na Deo ndiye aliyesimama na gongo. Mpira wa kwanza ulipita karibu na kifua chake, akaruka nyuma, nami nikaona kwamba anaogopa. Nikasimama. Jina lake lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Hapo, sijui kwa nini, nikamwona mama yangu ukingoni mwa mto, na maharage yanakwenda. Nikachukua pembe ya kitenge, nikaijaza mdomoni, nikauma.

Binti aliyekaa karibu akaniuliza, "Mama, unaumwa jino?" Nikatikisa kichwa kukubali.

Mpira ukaja tena. Safari hii Deo hakurudi nyuma. Ulienda wapi baada ya kupigwa sijui, nilikuwa nimefumba macho, ila nilisikia watu wakishangilia, na nilipofumbua alikuwa anakimbia. Mwisho wa yote walishindwa. Mimi nilihesabu jicho tu, na jicho lilikuwepo.

Alikuja kunisalimu amejaa vumbi. Nikamuuliza kama alijua nipo.

"Nilikuona unaingia, mama. Mpira niliuogopa kidogo. Nilichoogopa zaidi ni kwamba utaniita."

Nilimpa ndizi.

Mwanangu, wewe unayelea sasa, uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wala sikwambii usiogope. Mimi mpaka leo, Deo akiwa mwalimu mwenye pikipiki, mvua ikinyesha roho haitulii. Ninachokwambia ni hiki: maneno yako yaseme kabla mtoto hajapanda mtumbwi. Mwambie maji yalivyo, mwonyeshe pa kushika, mwombee, hata ukitaka kulia lia hapo ukingoni akiwa bado na miguu nchi kavu. Akishaingia katikati, hofu ni yako, ibebe mwenyewe. Ukimtupia atashika hofu yako na kuachia gongo.

Mungu awavushe wanao wote, wakufikie na macho yao mawili. Na wewe akujalie kitenge kigumu cha kuuma.